Usahaulifu wa Wazee: Dalili za Mapema Ambazo Familia Haipaswi Kuzipuuza

Mama wa miaka 76 anarudi kutoka soko la Kwasadala akiwa na paketi ya chumvi. Ni ya tatu wiki hiyo, na mbili za awali bado zipo kabatini, hazijafunguliwa. Wajukuu wanacheka, naye anacheka pamoja nao, na mkwe wake anasema maneno yanayosemwa karibu katika kila nyumba: "Ni uzee tu." Mwezi unaofuata anakosa zamu yake ya maji ya mfereji, yeye ambaye kwa miaka mingi ndiye aliyekuwa akiwakumbusha majirani zamu zao. Kisha sufuria ya mtori inaungua jikoni mara mbili. Sasa hakuna anayecheka, lakini pia hakuna anayempeleka zahanati, kwa sababu hana homa, hana jeraha wala halalamikii maumivu.

Mama huyu ni wa mfano, lakini wakazi wengi wa Hai watamtambua. Familia nyingi huanza kutafuta msaada pale mzee anapopotea njia au moto unapoteketeza jiko, yaani miaka kadhaa baada ya dalili za kwanza. Makala hii inaeleza namna ya kutofautisha usahaulifu wa kawaida wa uzeeni na ule unaoashiria ugonjwa, sababu za kumpeleka mzee akapimwe mapema, na mahali pa kuanzia.

Usahaulifu wa kawaida na ule wa ugonjwa

Umri unaposogea, ubongo hupunguza kasi kama miguu inavyopunguza. Mzee mwenye afya njema anaweza kushindwa kutaja jina la mtu aliyekutana naye msibani, kisha jina likamjia akiwa njiani kurudi nyumbani. Anaweza kusahau alipoliweka panga lake, lakini akifuatisha kwa mawazo tangu alipotoka shambani, akalipata. Anaweza kusahau nani aliketi wapi katika sherehe ya ubatizo wa mjukuu, ila hasahau kwamba ubatizo ulifanyika. Hali hiyo haihitaji hofu.

Maswali matatu yanaweza kuisaidia familia kupima hali ya mzee wao. La kwanza: je, kilichosahauliwa hurudi baadaye, au hata akikumbushwa hakirudi? La pili: je, usahaulifu unaharibu shughuli aliyoizoea, kama kupika, kuhesabu fedha, kukamua ng'ombe au kufuata njia ya kwenda kanisani au msikitini? La tatu: je, hali hii ni badiliko akilinganishwa na yeye mwenyewe wa mwaka mmoja au miwili iliyopita? Swali la tatu ni muhimu sana, kwa kuwa wapo watu waliokuwa wasahaulifu tangu ujana wao. Kinachotafutwa ni badiliko.

Dalili zinazopaswa kuifanya familia ichukue hatua ni hizi:

- Kuuliza swali lilelile au kusimulia habari ileile mara kadhaa ndani ya saa chache, bila kujua kwamba ameshauliza au ameshasimulia.
- Kusahau kabisa tukio la jana au la asubuhi, kama vile mgeni aliyekuja na kula chakula nyumbani.
- Kupotea katika njia aliyoipita maisha yake yote, au kutotambua ni siku gani na ni msimu gani.
- Kushindwa kufuata hatua za kazi aliyoimudu, kwa mfano kupika bila kuweka maji, au kuwasha moto na kuusahau.
- Kuchanganya noti, kulipa deni moja mara mbili, au kuwapa wageni namba yake ya siri ya simu.
- Kuweka vitu mahali pasipo pake, kisha kuwatuhumu walio nyumbani kwamba wameviiba.
- Kukosa maneno ya vitu vya kawaida, hata kikombe kikaitwa "kile cha kunywea".
- Kubadilika tabia: aliyekuwa mchangamfu anajitenga, aliyekuwa mpole anakuwa mkali, aliyekuwa msafi haogi.

Dalili moja iliyotokea mara moja haithibitishi lolote. Dalili mbili au tatu zinazojirudia na kuongezeka kwa miezi ni sababu ya kutosha ya kwenda kwenye kituo cha kutolea huduma za afya.

Kwa nini anakumbuka ya zamani na kusahau ya leo

Jambo linalozihadaa familia nyingi ni hili: mzee aliyesahau kama amekula asubuhi anaweza kusimulia kwa ufasaha habari za Desemba 1961, Mwenge wa Uhuru ulipowashwa kileleni mwa Mlima Kilimanjaro. Anataja majina ya walimu wake wa shule ya msingi, ya majirani waliofariki zamani na ya ng'ombe wa baba yake. Watoto husema, "Kumbukumbu yake ni kali kuliko yetu," na suala linaishia hapo.

Maelezo yake ni haya. Ndani ya ubongo, kila upande, ipo sehemu ndogo ambayo kazi yake ni kupokea mambo mapya na kuyaandalia mahali pa kudumu. Mambo ya zamani yalikwisha kuhifadhiwa kwingine katika ubongo miaka mingi iliyopita. Ugonjwa wa Alzheimer, ambao ndio chanzo kikubwa zaidi cha kupotea kwa kumbukumbu uzeeni, kwa kawaida huanza kuishambulia sehemu hiyo ya kupokelea. Ni kama ghala ambalo mlango wake umeharibika: magunia ya mavuno ya zamani yamo ndani, lakini ya msimu huu hayaingii. Kwa hiyo uwezo wa kusimulia ya zamani hauthibitishi kwamba mzee ni mzima. Kipimo kizuri zaidi ni mambo ya leo, ya jana na ya wiki iliyopita.

Adabu nayo huficha ugonjwa. Salamu zilizozoeleka tangu utotoni hudumu muda mrefu. Mzee akiamkiwa "Shikamoo" huitikia "Marahaba", huuliza habari za nyumbani na kumkaribisha mgeni aketi, na mgeni huondoka akiamini hana tatizo, wakati mzee mwenyewe hakumtambua. Ndiyo maana watu wanaoishi naye kila siku ndio wenye ushahidi wa kuaminika kuliko anayemtembelea wakati wa Krismasi au Idi tu.

Si kila usahaulifu ni ugonjwa usiotibika

Kupungua kwa uwezo wa kukumbuka, kufikiri na kujihudumia kunakosababishwa na ugonjwa wa ubongo huitwa demensia. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa mwaka 2021 watu milioni 57 duniani walikuwa nayo, na zaidi ya asilimia 60 kati yao wanaishi katika nchi za kipato cha chini na cha kati. Baada ya ugonjwa wa Alzheimer, chanzo kingine kikubwa ni kuharibika kwa mishipa ya damu ya ubongo kutokana na kiharusi au shinikizo la juu la damu lisilodhibitiwa.

Hata hivyo, yapo matatizo yanayofanana na demensia ambayo yanatibika, na hiyo ndiyo sababu kubwa ya kutosema haraka "ni uzee tu". Miongoni mwake ni sonona, hasa baada ya kufiwa na mwenzi wa ndoa. Upungufu wa vitamini B12. Tezi ya shingo kufanya kazi chini ya kiwango. Athari za baadhi ya dawa, hususan mzee anapomeza dawa nyingi kwa pamoja. Unywaji wa pombe kupita kiasi. Maambukizi kama kaswende na virusi vya UKIMWI. Na damu kuvilia taratibu kichwani baada ya mzee kuanguka, hata kama kuanguka kwenyewe kulionekana kuwa kudogo. Wakati mwingine mzee hasahau chochote: hakusikia vizuri alichoambiwa, kwa sababu masikio yamepungua nguvu.

Familia inapaswa pia kufahamu tofauti ya kasi. Demensia huja polepole, kwa miezi na miaka. Mzee aliyekuwa timamu juzi na leo hajui alipo, anaweweseka au analala mchana kutwa, ana tatizo la dharura. Huenda ni malaria, maambukizi ya njia ya mkojo, homa ya mapafu, upungufu wa maji mwilini au sukari iliyoshuka. Vilevile, mdomo kupinda, mkono au mguu kuishiwa nguvu na maneno kutoeleweka kwa ghafla ni dalili za kiharusi. Hali hizo hazingoji siku ya kliniki. Mzee apelekwe hospitali saa hiyohiyo.

Utafiti uliofanyika hapa Hai

Wakazi wengi hawafahamu kwamba wilaya yao inatajwa mara kwa mara katika maandiko ya kitaalamu kuhusu demensia barani Afrika. Katika utafiti ambao matokeo yake yalichapishwa mwaka 2013, wazee 1,198 wenye miaka 70 na zaidi walifikiwa katika vijiji vya Hai. Baada ya hesabu kurekebishwa kulingana na umri, ilibainika kuwa asilimia 6.4 walikuwa na demensia. Kwa lugha nyepesi, katika kila wazee 100 wa umri huo, wastani wa sita wana ugonjwa huu. Karibu kila kijiji kinao wazee wa namna hiyo, ingawa wengi hawajawahi kuambiwa jina la tatizo lao.

Kazi iliyofuata ilileta kipimo cha awali kiitwacho IDEA. Vipimo vingi vya kumbukumbu vilitungwa kwa watu waliosoma, vikiwataka kuandika, kusoma au kunakili michoro. Mzee ambaye hakupata nafasi ya kwenda shule huonekana mgonjwa katika vipimo hivyo, kumbe kilichomshinda ni kalamu. Kipimo cha IDEA hakihitaji kusoma wala kuandika. Mzee huulizwa daraja ni nini, kiongozi wa kijiji ni nani, na leo ni siku gani. Hutakiwa kutaja wanyama wengi kadiri awezavyo kwa dakika moja, kukumbuka maneno 10 aliyosomewa muda mfupi kabla, na kupanga njiti za kibiriti kwa kufuata mfano aliooneshwa. Matokeo yake humwonesha mhudumu nani anahitaji uchunguzi zaidi wa daktari. Hayatumiki peke yake kuthibitisha ugonjwa.

Hapahapa wilayani ulijaribiwa pia utaratibu wa vikundi, ambamo wazee wenye demensia ya kiwango cha awali na cha kati hukutana mara kwa mara kuzungumza, kuimba, kucheza michezo na kujadili mambo ya maisha yao. Matokeo yalionesha nafuu katika uwezo wa kufikiri na katika ubora wa maisha ya washiriki. Somo kwa familia ni kwamba mzee anayeshirikishwa katika mazungumzo na kazi nyepesi hunufaika kuliko anayeachwa chumbani peke yake kwa madai kwamba anapumzishwa.

Aibu, tuhuma na uchawi

Kikwazo kingine ni maneno ya watu. Mzee anayezurura usiku, anayeongea peke yake au anayeingia nyumba ya jirani akidhani ni yake, anaweza kuitwa mlevi, mkorofi au mchawi. Katika baadhi ya maeneo ya nchi yetu wazee, hasa wanawake, wamepoteza maisha kwa tuhuma za uchawi ambazo hazikuwa na chembe ya ukweli. Kuzurura, kuona vitu visivyokuwapo na kuwashuku watu ni dalili zinazojulikana za ugonjwa wa ubongo. Jirani anayeziona kwa mzee asiye na ndugu karibu amfikishie taarifa mwenyekiti wa kitongoji au mtendaji wa kijiji, ili mzee huyo apatiwe huduma na ulinzi.

Mzee hajifanyi kusahau. Kumgombeza, kumjaribu kwa maswali mbele ya wageni au kubishana naye humwongezea hofu na humfanya ajitenge. Inasaidia zaidi kumwambia jina kabla hajauliza: "Shikamoo bibi, mimi ni mjukuu wako, mtoto wa kifungua mimba wako." Akiuliza swali lilelile kwa mara ya tano, ajibiwe kwa sauti ileile ya mara ya kwanza. Akimtafuta mama yake aliyefariki zamani, aulizwe habari za mama huyo. Mara nyingi hutulia akizisimulia.

Mahali pa kuanzia

Hatua ya kwanza ni zahanati au kituo cha afya kilicho karibu. Mzee asiende peke yake. Aongozane na mtu anayeishi naye, kwa sababu mgonjwa mara nyingi hatambui kiwango cha tatizo lake. Aliyemsindikiza aende na mambo matatu: dawa zote anazotumia mzee, zikiwemo za asili na za dukani, kumbukumbu za matibabu ya awali, na daftari lenye mifano ya kilichotokea pamoja na tarehe. Kumweleza daktari kwamba "anasahau sana" hakumsaidii kama kumwambia kwamba mwezi uliopita alipotea mara mbili akitoka shambani.

Kituoni, mhudumu atapima shinikizo la damu na sukari, atauliza kuhusu usingizi, huzuni, kuanguka na pombe, na ataangalia uwezo wa kuona na kusikia. Inapohitajika, mzee hupewa rufaa kwenda hospitali ya wilaya kwa vipimo vya damu na uchunguzi wa daktari, na kutoka huko anaweza kupelekwa Hospitali ya Rufaa ya Kanda ya KCMC mjini Moshi.

Kwa mujibu wa Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003, mzee ni mtu mwenye miaka 60 na kuendelea. Wazee wanapaswa kupewa kipaumbele katika foleni na kuhudumiwa kwenye dirisha la wazee pale lilipo. Mzee asiye na uwezo wa kulipia matibabu anastahili msamaha. Utambuzi wake huanzia katika serikali ya kijiji na kuthibitishwa na ofisi ya ustawi wa jamii. Familia yenye mzee anayestahili na ambaye hajatambuliwa ifike kwa mtendaji wa kijiji kabla ugonjwa haujawa mkubwa.

Kwa sasa hakuna dawa inayoponya ugonjwa wa Alzheimer. Zipo dawa zinazopunguza dalili kwa baadhi ya wagonjwa kwa muda, na hizo huandikwa na daktari. Wakazi wajihadhari na wauzaji wanaopita sokoni na chupa za "dawa ya kumbukumbu".

Faida ya kujua mapema

Kama dawa ya kuponya haipo, kwa nini mzee apimwe mapema? Jibu lipo katika mambo ambayo bado anaweza kuyaamua mwenyewe. Katika hatua za mwanzo, mzee wengi humdhania kuwa hajiwezi bado anajua anataka nani amtunze, kihamba chake kisimamiwe na nani, na mapato ya kahawa na maziwa yatumikeje. Anaweza kuandika wosia mbele ya mashahidi, kueleza madeni yake na kuonesha mipaka ya shamba. Sheria ya Mikataba inamtaka anayeingia mkataba awe na akili timamu, hivyo mauziano ya ardhi yaliyofanywa na mzee asiyeelewa anachokitia dole gumba yanaweza kuleta mgogoro wa miaka mingi kati ya ndugu, na kati ya ndugu na mnunuzi. Kupatikana na ugonjwa hakumwondolei mzee haki zake siku hiyohiyo. Kunampa yeye na familia yake muda wa kupanga mambo huku sauti yake ikiwa bado inasikika. Wahenga walisema penye wazee haliharibiki neno. Ni haki basi neno la mzee juu ya maisha yake mwenyewe lisikilizwe mapema.

Usalama wa nyumbani nao hupangwa: moto usiachwe bila mtu, dawa zihifadhiwe na mtu mmoja, majirani na waendesha bodaboda wa kijiweni wajulishwe ili wamrudishe nyumbani wakimkuta mbali. Mtunzaji naye apumzishwe. Mara nyingi mzigo huu humwangukia binti au mkwe mmoja, ambaye huamka usiku mara nyingi na kukosa kwenda shambani. Ndugu wagawane zamu, na walio mijini wasidhani kwamba fedha wanazotuma zinatosha mahali pa siku chache za kuja kumpokea mtunzaji.

Kwa walio na umri wa kati, kinga ianze sasa. Jopo la kimataifa la wataalamu lilikadiria mwaka 2024 kuwa takribani asilimia 45 ya demensia duniani ingeweza kuzuiwa au kucheleweshwa kwa kukabili visababishi 14, vikiwemo shinikizo la damu, kisukari, uvutaji wa sigara, pombe kupita kiasi, kupungua kwa usikivu, majeraha ya kichwa, upweke na kukosa elimu utotoni. Kupima shinikizo la damu kila mara na kuvaa kofia ngumu kwenye pikipiki ni sehemu ya kuilinda kumbukumbu ya miaka 30 ijayo.

Wakazi wenye mzee aliye na dalili zilizotajwa wanashauriwa kuanza kuandika mifano katika daftari wiki hii na kumpeleka kwenye zahanati iliyo karibu. Kwa ushauri kuhusu msamaha wa matibabu na ulinzi wa wazee, wafike kwa mtendaji wa kijiji au wa kata, kwa baraza la wazee la kijiji, au katika Idara ya Afya, Ustawi wa Jamii na Lishe ya Halmashauri.